Doha au Dubai: tenisi ya wanawake ya Februari, niende ipi?

BintiMuscat: Asalaam aleikum wapendwa. Nimechoka kuangalia tenisi kwenye runinga, nataka nikaione kwa macho yangu. Doha na Dubai zinafuatana Februari, zote ngazi ya WTA 1000, yaani daraja la juu la mashindano ya chama cha tenisi ya wanawake, zote korti ngumu za nje. Likizo yangu inatosha moja tu. Mnanishauri vipi?

PwaniDamu: Dubai, dada! Uwanja mkuu pale mtaa wa Garhoud unachukua watu kama 5,000 tu, kwa hiyo hata ukikaa nyuma unasikia viatu vikilia sakafuni mchezaji anapogeuka. Mwaka 2025 Mirra Andreeva wa Urusi alibeba taji pale akiwa na miaka 17, na njiani alimtoa nyota wa Poland, Iga Swiatek. Halafu kombe lenyewe ni jahazi la fedha, sisi watu wa pwani tulikose? Na kutoka Muscat unakwenda kwa gari.

Kaka_wa_Doha: Mimi nakaa huku, nasema Doha, na sababu yangu ni upepo. Mchezaji anarusha mpira juu aanzishe, upepo unausogeza, anaudaka na kurusha tena. Hapo ndipo unamjua mwenye miguu. Swiatek alishinda hapa 2022, 2023 na 2024 mfululizo, kwa kuwa mpira wake unazunguka sana na kupita juu kabisa ya wavu, hivyo hata upepo ukiusukuma bado unaangukia ndani. Lakini 2025 Ostapenko wa Latvia, anayepiga bapa, yaani mpira ulionyooka usiozunguka sana, na kwa nguvu zote, akamtoa nusu fainali 6-3, 6-1. Nani angetabiri?

PwaniDamu: Hilo la upepo nakubali.

MamaRaketi: Wanangu, angalieni siku kabla ya mji. Droo, yaani orodha ya nani anacheza na nani, ina wachezaji 56, na 8 wa juu kwa viwango wanaanzia raundi ya pili. Siku za mwanzo korti za pembeni zina mechi tangu mchana, unasimama karibu na uzio. Siku ya fainali utaona mechi chache tu. Tena Dubai inakuja ya pili: waliofika mbali Doha wanaingia wamechoka, wengine hujitoa.

BintiMuscat: Basi Doha, siku tatu za mwanzo. Ahsanteni sana.

Kaka_wa_Doha: Karibu dada. Beba sweta, mechi za usiku zina baridi.