Mrejesho: Natron tumerudi salama

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kutoka Arusha na familia kwenda Ziwa Natron nibebe maji kiasi gani. Aliyesema lita 5 kwa mtu kwa siku Mungu ambariki sana, maana saa nane mchana hata spana niliyoiacha juu ya boneti ilikuwa haishikiki kwa joto, na dogo akaanza kulegea tukamweka kivulini tukampa ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) kidogokidogo mpaka akachangamka. Mbele ya Mto wa Mbu mtandao wa simu unakatakata, ndo maana ratiba nilishamwachia shemeji. Karibu na Lengai, ule mlima wa volkano, tukanasa kwenye majivu yake, tukapunguza upepo kwenye tairi gari ikatoka, halafu tukajaza tena na pampu. Jamani msisahau pampu!