Safari ya familia si studio! Mmetuchosha na hizi trendi zenu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitapindisha maneno. Siku hizi watu hawasafiri pamoja tena. Wanasafiri kwenda kurekodi trendi, hizi video za kuigana zinazovuma mtandaoni, na sisi ndugu wengine tumegeuzwa waigizaji wasioombwa ridhaa kwenye video ya sekunde kumi na tano.

Tumetoka kwenye safari ndefu ya gari, familia nzima. Lengo lilikuwa moja tu: kumpeleka bibi akaonane na mdogo wake ambaye hawajaonana kwa miaka mingi. Kabla hata mizigo haijapakiwa yote, shemeji yangu, mume wa dada, akaanza: "Jamani subirini, kuna ile trendi ya wote kufunga buti la gari kwa pamoja." Buti likafungwa, likafunguliwa, likafungwa tena, mpaka liingiane na mdundo wa wimbo. Watu wazima wenye akili zao wamesimama uani wanasubiri mdundo!

Hilo nililimeza. Njiani tukasimama mahali penye mandhari nzuri kwelikweli, bonde lote liko chini yako. Bibi ana magoti mabovu, kushuka garini kwake ni kazi. Akashikwa mkono, akashuka, akasogea polepole. Kumbe mtu mmoja alikuwa ametazama kamera kabla ya wakati, kwa hiyo ikaamriwa bibi arudi ndani ashuke upya, ionekane ndiyo kwanza tunafika. Nikakataa. Nikaambiwa naharibu raha za watu. Bibi kwa upole wake akasema, "Hakuna neno wajukuu zangu," akapanda, akashuka tena. Hiyo "hakuna neno" ndiyo inayonichoma mpaka leo. Mtu wa umri wake anaumia magoti ili asiwavunje moyo wajukuu, na wajukuu hawaoni hata haja ya kumwambia pole.

Halafu likaja lililo baya zaidi. Tukiwa tunaendelea na safari, bibi akaanza kusimulia jinsi yeye na babu walivyopita barabara hiyohiyo enzi ikiwa ya vumbi, gari likakwama kwenye matope, wakalala njiani na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto huyo ndiye mama yangu. Sijawahi kuisikia hadithi hiyo maishani mwangu. Amefika katikati, siti ya nyuma ikasikika sauti: "Bibi, nyamaza kidogo, tunarekodi." Akanyamaza. Walipomaliza hakuna aliyemkumbusha aendelee, na nilipomwomba mimi akasema amesahau alikuwa amefikia wapi. Niambieni, ni trendi gani duniani yenye thamani ya hadithi ile? Wiki mbili zijazo hakuna atakayeukumbuka wimbo waliouchezea.

Najua utetezi wenu: "Tunaweka kumbukumbu." Kumbukumbu ya nini? Nimeiangalia ile video. Imerekodiwa wima, simu imesimama, na fremu nyembamba namna ile inamtosha mtu mmoja na kipande cha anga. Shemeji yuko katikati. Bibi ni bega na nusu ya kilemba pembeni. Na sauti hakuna! Trendi inataka wimbo wake, kwa hiyo sauti halisi ya pale imefutwa yote, kicheko cha bibi, upepo, watoto wakiitana, kote kumewekwa wimbo uleule uliowekwa kwenye maelfu ya video nyingine. Filamu zimekaa zaidi ya miaka thelathini zikitafuta njia ya kumfanya mtu wa kwenye picha asikike akiongea, tangu maonyesho ya kwanza ya miaka ya 1890 hadi filamu za sauti zilipoanza kushika kasi mwaka 1927. Ninyi mna mashine mfukoni inayonasa sauti ya bibi yenu bila gharama, mnaifuta kwa kidole. Msiniambie kumbukumbu.

Siko kinyume na kila kinachovuma, nieleweke. Ile chalenji ya kujimwagia ndoo ya maji ya barafu mwaka 2014 ilikuwa na upuuzi wake, lakini ilichangisha zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, na watu waliojimwagia walijimwagia wenyewe. Hakuna aliyemmwagia bibi yake.

Sasa tuje kwenye usukani, maana hapa sina utani na mtu. Shemeji huyohuyo, akiendesha, alinyanyua simu kurekodi machweo kupitia kioo cha mbele. Watoto wamo ndani. Hesabu ni rahisi: gari linalokimbia kilomita 90 kwa saa linakata mita 25 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde tano umeshapita mita 125, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, bila kuona barabara. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne zaidi ya asiyetumia, na watu takriban milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Mwaka 2018 ulizuka mtindo wa watu kushuka kwenye gari linalotembea na kucheza pembeni ya mlango ulio wazi, wengine wakaumia, polisi wa nchi mbalimbali wakatoa maonyo. Tulidhani watu wamejifunza. Nilipomwambia aweke simu chini akanijibu, "Nimezoea." Kila aliyewahi kuingia mtaroni akiwa na simu mkononi alikuwa amezoea.

Na wale wasiorekodi wanafanya nini? Wameinamia filamu, kila mmoja na simu yake na hedifoni zake. Mimi napenda filamu sana, pengine kuliko wote waliokuwa ndani ya gari lile, na ndiyo maana inaniuma. Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alikuwa na mashine yake iliyoitwa Kinetoscope, iliyoanza biashara mwaka 1894. Lilikuwa sanduku lenye tundu, mtu anainama anachungulia peke yake, akimaliza anampisha mwingine. Desemba 1895 ndugu wawili Lumière wakaonyesha picha zao ukutani mjini Paris, watu wakiwa wameketi pamoja, na hiyo ndiyo iliyoshinda: kukaa pamoja, kushtuka pamoja. Leo familia moja ndani ya gari moja imerudi kwenye sanduku la kuchungulia. Watu watano, filamu tano, na hakuna anayejua mwenzake anacheka nini.

Hata hiyo filamu yenyewe hawaitazami. Mpwa wangu anaiweka kwenye kasi ya moja na nusu, filamu ya saa mbili inaisha kwa dakika 80, tena katikati anatoka kuangalia klipu, anarudi. Nikamuuliza kwa nini yule mama kwenye filamu alilia, hajui. Angejuaje? Mama yule ameketi mezani, kimya, anatazama mlango. Mhariri aliuacha ukimya ule kwa makusudi, akajua mtazamaji atakaa nao mpaka aelewe kuwa mtu anayesubiriwa haji. Ukiuharakisha umebaki na mwanamke anayetazama mlango tu. Wengine hata hawafiki huko, wanaangalia zile video za "filamu nzima kwa dakika kumi" zinazosomwa na sauti ya roboti, kisha wanakuja kubishana na wewe uliyeiona yote.

Mtoto mdogo kabisa naye alipewa simu ili atulie. Baada ya muda akatapika. Watu wakashangaa, eti labda amekula vibaya. Sikio la ndani linahisi gari linakata kona na kupanda mlima, macho yamekazwa kwenye kioo cha simu ambacho hakisogei, ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana, na wengi huishia na kichefuchefu. Mwondoleeni simu, mkalisheni dirishani atazame mbali, anapata nafuu. Dirisha lilikuwepo hapohapo, na nje yake kulikuwa na mlima, mto na treni ya mizigo ambayo tungeweza kuhesabu naye mabehewa yake.

Nimalizie na hili lililonifanya nifungue uzi. Binti yangu ana miaka kumi. Alilala garini, amechoka, mdomo wazi, mate yanamtoka kama mtoto yeyote aliyelala. Akarekodiwa, akawekewa wimbo wa kuchekesha na maneno juu yake, akarushwa mtandaoni. Hakuniuliza mtu, hakumwuliza mama yake, na mwenyewe alikuwa usingizini. Alijua kwa kuoneshwa na watoto wenzake. TikTok yenyewe inataka mtu awe na miaka 13 ndipo afungue akaunti. Kwa hiyo mtoto wangu haruhusiwi kuingia kule kujitetea, ila ameshaingizwa kule kuchekwa. Alilia jioni nzima, na sasa akiona mtu ameshika simu anafunika uso, hata nikiwa mimi baba yake nasoma ujumbe.

Nimempigia shemeji atoe ile video. Anasema ina watazamaji wengi, nisubiri ipoe, na kwamba mtoto "atasahau". Dada yangu anasema nisilete ugomvi kwenye familia kwa ajili ya kitu kidogo. Mimi ndiye naleta ugomvi? Aliyemrekodi mtoto wa mwenzake amelala hajaleta ugomvi?

Nimeshasema kwenye kundi la familia: safari ijayo simu ya dereva itakaa kwenye droo ya dashibodi, watoto wangu hawarekodiwi bila ruhusa yangu na yao, na bibi akianza kusimulia hakuna wa kumkatisha. Asiyetaka apande gari lingine. Nusu ya kundi wamekasirika, sijali.

Ninachohitaji kwenu, hasa mlio wazazi: nimeripoti video kupitia programu yenyewe na bado iko hewani. Kuna aliyefanikiwa kuondoa video ya mtoto wake iliyowekwa na ndugu aliyegoma? Mlipitia njia gani, wazee wa ukoo, barua ya mwanasheria, au mliripoti tena na tena mpaka ikatoka? Wenye uzoefu tu, tafadhali. Wale wa "mbona unajali sana" piteni, uzi huu si wenu.