Midsommar ndefu ya dakika 171: inaongeza nini kwenye mahusiano ya Dani na Christian?

Kijana_wa_Tabata
Wakuu habari za jioni. Natoboa kila kitu humu, kama hujaiona pita kando. Juzi nimemaliza Midsommar ya Ari Aster, ile ya 2019, ya kawaida iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Kali sana ila mwisho umenikaba, yaani demu, Dani, kaenda kijiji kimoja Sweden na mpenzi wake Christian, halafu anachagua jamaa achomwe akiwa ndani ya dubu, kisa mzembe wa mapenzi na kalala na binti wa kijijini, wakati wanakijiji wenyewe walishamlewesha madawa? Mshkaji wangu anasema sijamwelewa Dani kwa sababu sijaona ile ndefu ya dairekta mwenyewe. Je hizo dakika ishirini na kitu zina maana au ni maua na nyimbo zimeongezwa tu? Bando lenyewe hili mnalijua.

mama_wawili
Mdogo wangu itafute. Kuna sini moja ya usiku, na ujue kule kijijini karibu muda wote ni jua linawaka tu, kwa hiyo giza likiingia unashtuka. Wanakijiji wako majini wanafanya tambiko, katoto ka kiume kanajitolea katoswe, wanakabeba na jiwe kabisa, kelele zinapigwa ndio kanaachiwa. Dani kaona yatosha, anamwambia Christian tuondoke. Hapo ndio ugomvi unaanza na hapo ndio utamjua huyo mwanaume, maana kwenye ile fupi unamwona kama kapoa tu, hajui aachane au abaki, lakini huku anageuza maneno mpaka mwenye kosa anakuwa Dani. Tena anafanya kwa sauti ya upole upole, wale mnaowajua mnawajua. Na hata ile safari ya Sweden, huku kuna kipande anamdanganya kwamba alitaka kumfanyia sapraizi ya kimapenzi, wakati tumeshaona alikuwa anaenda kimya kimya na washkaji zake.

Mkosoaji_Sinza
Mi napinga dada yangu, kwa heshima. Ile fupi ni bora. Christian akiwa nusu nusu ndio mtazamaji unabaki unajiuliza kama ulichofurahia pale mwisho ni haki au ni uchawi tu umekuingia na wewe. Ukimwonyesha mbaya waziwazi umeshanirahisishia kazi. Halafu vile vipande vya kugombania utafiti wa chuo na Josh, mshkaji wake waliyesafiri naye, vinavuta mno, tulishaelewa jamaa ni mwizi wa mawazo ya wenzake.

Ukutani_Temeke
Aster mwenyewe alishasema aliiandika akitoka kuachana na mtu, kwa hiyo mwenye kinyongo unategemea atakata sini za ugomvi? Haha. Ila mnaruka kitu. Mwanzo wa muvi Dani kafiwa na wazazi na ndugu yake wa kike usiku mmoja. Huku kwetu ungekuta turubai limeshafungwa, mikeka imejaa, kina mama wanalia nae mpaka sauti zinakauka. Yeye msiba wake wote kaumalizia kwenye mapaja ya mtu mmoja ambaye macho yake yanaangalia pembeni. Sasa anafika kule kijijini, anamfumania Christian, anaanguka chini analia, wale wanawake wanamzunguka wanapumua anavyopumua, wanapiga yowe anavyopiga. Mimi pale sikuona kutisha kabisa, niliona kwa mara ya kwanza kuna mtu kaja msibani. Na hiyo ndio inayotisha, maana waliokuja ni wauaji.

Mkosoaji_Sinza
Hapo umeongea chifu. Ila hiyo sini ya kulia ipo kwenye zote mbili, kwa hiyo mtoa mada bado hajajibiwa.

mama_wawili
Ipo zote mbili ndio, ila haiji na uzito uleule. Kwenye fupi, Pelle, yule mshkaji wao Mswidi aliyewapeleka kijijini kwao, anambembeleza Dani asiondoke, unaona kama wenyeji ndio wamemteka. Kwenye ndefu keshamwomba mtu wake mwenyewe, usiku, kwa mdomo, na mtu wake ndio kamkatalia na kumwacha anajiona mkosaji. Kwa hiyo akija kumchagua pale mwisho akiwa na lile gauni la maua, sio hasira ya fumanizi peke yake. Simtetei, mtu kuchomwa ni mtu kuchomwa, ila kisa cha dubu ukikitafuta kianzie ule usiku wa ziwani. Nunua la usiku wa manane mdogo wangu, linatosha kabisa.