Mrejesho: kabureta iliyokuwa inavuja petroli
Wakuu, nilieleza kwamba pikipiki yangu kuukuu ya njia za vumbi inamwaga petroli kupitia mpira wa chini ya kabureta kila nikifungua koki ya tangi, hata injini ikiwa imezimwa. Mkasema nianze na sindano ya boya, ile pini ndani ya kabureta inayoziba njia ya petroli boya (kielea) likipanda. Ndiyo yenyewe! Ncha yake ilikuwa na alama ya mviringo iliyochimbika, ukipitisha ukucha unaisikia. Boya nililitikisa sikioni, halina petroli ndani, yaani halijatoboka. Nimefunga sindano mpya, kikalio chake (tundu inaloziba) nimekisafisha kwa pamba. Koki imekaa wazi kwa muda wa saa 3, kadibodi niliyoweka chini bado kavu. Asante sana kwa aliyenizuia kupinda ulimi wa boya (kibati kidogo kinachosukuma sindano) kwanza, ningevuruga kipimo cha kimo cha petroli bure.