Tintin wa rangi au wa nyeusi na nyeupe: chapa ipi inafaa kutunzwa?

JuzuuLaZamani:

Ndugu wapenzi wa katuni za kale, naomba mwongozo wenu. Nilimfahamu Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa katuni za Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, katika maktaba ya shule, kupitia nakala ya Kiingereza ya *Kisiwa Cheusi* iliyokuwa imepoteza jalada na ukurasa wa kwanza, kiasi kwamba kwa miaka mingi niliamini hadithi hiyo inaanzia hospitalini. Sasa ninazo fedha kidogo, na ninataka kuanza kukusanya vitabu hivyo polepole, kimoja kimoja, ila nimegundua kwamba karibu kila kitabu cha miaka ya thelathini kina chapa zaidi ya moja.

Kuna kitabu cha rangi cha kurasa 62 kinachouzwa leo madukani. Kuna faksimili, yaani chapa mpya inayonakili kitabu cha zamani ukurasa kwa ukurasa, na hizo zenyewe ni za namna mbili: za rangi ya kwanza ya miaka ya arobaini, na za nyeusi na nyeupe kama Hergé alivyozichora mwanzoni. Nakala halisi za kale sizihesabu, kwa kuwa bei zake si za watu wa kipato changu. Kati ya hizo tatu, mngechagua ipi, na kwa sababu gani? Naomba msinijibu "zote".

MamaWino:

Ndugu Juzuu, umetaja kitabu ambacho ndicho kipimo bora cha swali lako, kwa kuwa *Kisiwa Cheusi* kina chapa tatu kamili, nami nimewahi kuziweka zote mezani kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ilitoka kama kitabu mwaka 1938, baada ya kuchapishwa kwa vipande katika *Le Petit Vingtième*, nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels iliyokuwa ikitoka kila Alhamisi. Ya pili ni ya 1943, yenye rangi na kurasa 62. Ya tatu ni ya 1966, nayo ndiyo inayouzwa mpaka leo. Kisa cha hiyo ya tatu ni kwamba wachapishaji wa Uingereza, Methuen, walipotaka kuitoa kwa Kiingereza waliisoma kwa makini na kuandika orodha ya makosa 131 kuhusu nchi yao. Hergé alimtuma msaidizi wake, Bob de Moor, avuke bahari akachore kila kitu upya kwa kuangalia kitu chenyewe: magari, vituo vya reli, sare za polisi, hata gari la zimamoto.

Matokeo yake yanachekesha ukiyatazama kwa karibu. Garimoshi la mvuke limeondoka. Polisi waliokuwa na bastola sasa hawana, kwa sababu polisi wengi wa Uingereza hawakubeba silaha. Pombe ya Johnnie Walker imegeuka kuwa Loch Lomond. Linalonifurahisha kuliko yote ni la televisheni: katika toleo la 1943 runinga ile inaonyesha picha ya rangi, jambo ambalo halikuwapo nchini humo, hivyo mwaka 1966 picha ikarudishwa kuwa nyeusi na nyeupe kama ilivyokuwa mwanzoni. Na mtu aliyekuwa akishtuka kwamba ni televisheni sasa anasema ni televisheni tu. Neno moja, "tu", linabeba karibu miaka thelathini ya maisha ya watu.

Mimi ningechukua ya 1938. Ile ya 1966 ni sahihi na mandhari yake ni mazuri mno, lakini kijana anayekimbia ndani yake ni wa miaka ya thelathini aliyevishwa dunia ya miaka ya sitini, na jicho halikosi kuona kwamba vitu vimechorwa kwa utulivu wa mpiga picha ilhali watu bado wanaruka na kuanguka kama katika filamu bubu.

KalamuKavu:

Dada MamaWino amesema kweli kuhusu vitu, lakini ameruka jambo ambalo sisi tunaochora hulitazama kwanza, yaani mpangilio wa ukurasa. Kitabu cha nyeusi na nyeupe kwa kawaida kina safu tatu za visanduku kwa ukurasa, na kina kurasa zaidi ya 100. Mwaka 1942, Ubelgiji ikiwa chini ya Wajerumani na karatasi ikiwa adimu, wachapishaji wake, Casterman, walimwambia Hergé kwamba vitabu vyake sharti viwe na kurasa 62 na viwe vya rangi. Ili kuzipunguza hadithi za zamani hadi kiasi hicho, ilibidi visanduku vikatwe, vipunguzwe na kupangwa upya katika safu nne.

Msomaji wa kawaida haoni tofauti, ila pumzi ya hadithi imebadilika. Hergé alikuwa akitoa kurasa mbili kwa wiki, na alijua kwamba kisanduku cha mwisho ndicho kitakachomfanya mtoto amsumbue baba yake anunue gazeti Alhamisi ijayo. Kwa hiyo katika chapa ya kwanza, mtu ananing'inia juu ya jabali hasa pale unapofungua ukurasa. Katika kitabu cha kurasa 62 mtu yuleyule ananing'inia katikati ya safu ya pili, na anaokolewa kabla hujapata nafasi ya kuogopa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodharau rangi. Rangi zile tambarare, zisizo na vivuli, ndizo zilizoufanya mstari wake uonekane jinsi ulivyo safi, na msanii wa Uholanzi Joost Swarte alipoupa mtindo huo jina la "mstari safi" mwaka 1977, wengi wetu tayari tulikuwa tumeujua kwa rangi. Kwa macho yangu chaguo la kati ndilo bora: faksimili ya rangi ya miaka ya arobaini.

MtotoWaShaba:

Ninaandika kutoka Lubumbashi, na ninaona mnazungumzia bastola na magarimoshi bila kuligusa lile la kwetu. Tuseme juu ya kitabu cha Kongo, kwa kuwa hapo swali la chapa si la urembo.

Hergé alikichora mwaka 1930 na 1931 bila kukanyaga Kongo. Mengi aliyatoa katika jumba la makumbusho ya Kongo la Tervuren, karibu na Brussels, na katika magazeti ya wakoloni. Katika chapa ya nyeusi na nyeupe Tintin anasimama mbele ya watoto darasani na kuwaambia kwamba atawafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Ilipofika 1946 na kitabu kikatiwa rangi, somo likawa la hesabu: mbili jumlisha mbili. Ubelgiji ikafutwa ubaoni, lakini midomo ya watoto, iliyochorwa minene kupita kiasi, ikabaki vilevile, na Kifaransa kile kilichovunjwavunjwa walichopewa wenyeji, ambacho babu yangu hakuwahi kukisema hata siku moja ingawa alikisoma Kifaransa akiwa mtu mzima, kikabaki pia. Kwa hiyo ukinunua kitabu cha rangi unapata ukoloni uliooshwa uso. Ukinunua cha nyeusi na nyeupe unaupata kama ulivyokuwa, pamoja na sentensi inayoueleza wazi.

Mwanafunzi mmoja Mkongo aliyeishi Ubelgiji alikipeleka kitabu hicho mahakamani mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa kukipiga marufuku. Mimi sikutaka kipigwe marufuku. Nilitaka watu wakisome kile cha kwanza, wakione, kisha waseme wenyewe. Na jambo la ajabu, ambalo wageni hushangaa wakifika Kinshasa, ni kwamba mafundi wetu huchonga sanamu za mbao za Tintin na kuwauzia watalii. Wanaomnunua ni wale waliomleta.

Kwa kitabu hiki kimoja, basi, ninasema nyeusi na nyeupe, na kisipewe mtoto bila mtu mzima kukaa naye.

BahariYaHindi:

Nakubaliana na ndugu wa Lubumbashi, nami naongeza mfano wa upande wa pili wa bahari. Golden Press wa Marekani walipotaka kukichapa kitabu cha kaa mwenye makucha ya dhahabu, hawakupenda kuona watu weusi wakichanganyika na weupe, wala Kapteni Haddock, baharia rafiki wa Tintin, akinywa pombe kwenye chupa. Basi baharia mweusi akachorwa upya akawa mweupe, na vitabu vya leo bado vina alama ya mkono huo. Hapo hakuna aliyekuwa akirekebisha kosa. Palikuwa na mteja mwenye masharti yake. Kabla ya kuita chapa mpya "iliyosahihishwa" ni vyema kuuliza aliyeagiza usahihisho ni nani.

Jambo dogo la kuburudisha: katika *Sigara za Farao* ya leo, sheikh mmoja wa jangwani anamwonyesha Tintin kitabu cha safari zake, na kitabu chenyewe ni kile cha safari ya mwezini. *Sigara* ni cha nne katika mfululizo, na cha mwezini ni cha kumi na sita. Sheikh amesoma mambo ambayo kijana bado hajayafanya.

MamaWino:

Hilo la sheikh nililipita mara kumi bila kuliona. Ahsante.

Ndugu Juzuu, kama mfuko unaruhusu kimoja tu kwa kuanzia, acha *Kisiwa Cheusi* kingoje, chukua *Lotasi ya Bluu* ya 1936, hadithi ya Tintin huko China, katika faksimili ya nyeusi na nyeupe. Hergé alikutana na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka China, mwaka 1934, na tangu siku hiyo aliacha kuchora nchi za watu kwa kukisia. Maandishi ya Kichina yaliyojaa kutani na kwenye mabango ya maduka yaliandikwa na Zhang mwenyewe, na baadhi yake ni kauli za kupinga ubeberu ambazo wasomaji wa Brussels hawakuweza kuzisoma. Katika wino mtupu maandishi hayo yanasimama mbele yako kama yalivyotoka kwenye brashi. Rangi ilipoongezwa mwaka 1946 hayakufutwa, ila jicho huenda kwanza kwenye nguo nyekundu na taa za njano. Mara nyingi chapa hizi za mwanzo zina pia picha chache za rangi za ukurasa mzima zilizoingizwa katikati, hivyo KalamuKavu naye hatakosa cha kutazama.

KalamuKavu:

Kwa *Lotasi* ninasalimu amri. Kwa vingine bado nashikilia miaka ya arobaini. Na kama unaishi pwani, usivibane sana rafuni; unyevu hukaa kati ya majalada, na karatasi nene ya faksimili hushika ukungu haraka kuliko unavyodhani.

JuzuuLaZamani:

Nimewaelewa, na nimeshaagiza *Lotasi ya Bluu* ya nyeusi na nyeupe. Cha Kongo nitakinunua katika chapa ya kwanza, ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu alizozieleza MtotoWaShaba, nami nitakisoma na binti yangu akifikisha umri wa kuuliza maswali magumu.

Jambo moja limenibana tangu MamaWino aeleze yale ya televisheni. Nakala ile ya shule haikuwa na jalada, hivyo sikuwahi kujua ilikuwa ya mwaka gani. Ninakumbuka makreti ya Loch Lomond waziwazi, na ninakumbuka polisi mwishoni wakiwa mikono mitupu, maana rafiki yangu aliyekaa dawati moja nami alicheka akasema hawa polisi gani wasio na bunduki.

MamaWino:

Basi ilikuwa ile ya 1966, na haingeweza kuwa nyingine, kwa kuwa kabla ya mwaka huo kitabu hicho hakikuwa kimetoka kwa Kiingereza. Orodha ya makosa 131 ndiyo iliyokifikisha darasani kwenu. Na ukurasa wako uliopotea, ndugu yangu, una ndege inayotua shambani na mtu anayempiga Tintin risasi. Hospitalini anafika kwa sababu hiyo.