Naomba ushauri: amplifaya na boksi la besi, napiga kanisani na kwenye kwanjula (Tororo)

NyuziTano_Tororo

Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la besi la nyuzi tano. Jumapili niko kanisani, Jumamosi niko na bendi yetu ndogo kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi ukweni) na harusi: Tororo, Mbale, Busia, mara mojamoja hadi Jinja. Tunapiga Lingala kwa wingi, kadongo kamu (muziki wa Kiganda wa gitaa moja) tuliyoiongezea ala, na nyimbo za sifa.

Kanisani gitaa linaingia moja kwa moja kwenye miksa. Kwenye sherehe naazima amplifaya ya kinanda. Kinanda chenyewe kikiingia na ngoma zikichangamka, sijisikii hata kidogo. Uzi wa B, ule mnene wa chini kabisa, ndio balaa, nautetemesha tu, noti haitoki. Nimechoka kupiga kwa kukisia, nataka vyombo vyangu mwenyewe.

Nina milioni 3 za Uganda, na nimeona vitu vitatu vya mkono wa pili:

Kwanza, amplifaya ya zamani yenye spika yake humohumo, inchi 15, wati 100. Imetoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V.

Pili, kichwa (amplifaya isiyo na spika ndani) kipya kipya cha wati 500, chepesi, kinauzwa pamoja na boksi la spika mbili za inchi 10. Kiko Kampala.

Tatu, kichwa cha valvu (zile taa za kioo za zamani) cha wati 300, bila boksi. Bei yake imenishangaza kwa udogo.

Wati ngapi zinanitosha? Inchi 15 si ndiyo inayotoa besi nzito kuliko 10? Na hii habari ya omu 8 na omu 4 kila mtu ananieleza kivyake. Gari sina, nasafiri kwa taksi na boda.

Kijana_wa_Soroti

Chukua ya valvu kaka, usifikirie mara mbili. Hakuna sauti ya besi inayoizidi.

Fundi_Namuwongo

Ndugu yangu wa Tororo, kabla hujavutwa na bei ya valvu nisikilize kidogo, maana mimi vitu hivi navifungua kila wiki.

Kijana wa Soroti hajakosea kuhusu sauti. Ampeg SVT ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa na wati 300 za valvu, na mpaka leo watu wanaitafuta. Lakini kichwa cha aina hiyo kina uzito wa karibu kilo 40, na boksi lake la spika nane za inchi 10 linapita kilo 60. Boda gani itabeba hivyo? Halafu valvu huchakaa na hubadilishwa, na zile kubwa za nguvu hazipatikani kwenye kila duka la vipuri. Kubwa zaidi ya hayo: amplifaya ya valvu haiwashwi na kupigwa bila spika kuunganishwa. Ndani kuna transfoma ya kutolea sauti, na ikikosa mzigo inaweza kuungua hapohapo. Wewe boksi huna. Kwa hiyo hata kuijaribu pale dukani utaijaribu na nini? Bei ndogo ya kitu kikubwa mara nyingi ina sababu iliyofichwa ndani.

Hiyo ya 120V: umeme wetu ni 240V. Ukiichomeka hivihivi, ukiwa na bahati fyuzi itakatika mapema; ukikosa bahati inakwenda transfoma na kapasita. Angalia nyuma kama kuna swichi ya 115/230. Kama haipo, utalazimika kununua transfoma ya kushusha umeme, nzito, na kuibeba kila uendako. Siku moja utaisahau au mtu wa jukwaani atakuchomekea waya bila kujua. Kwa mwanamuziki asiye na gari hiyo siishauri.

Sasa omu. Omu ni ukinzani ambao spika inauweka mbele ya amplifaya. Omu zikipungua, amplifaya inasukuma umeme mwingi zaidi. Kila amplifaya ya transista, yaani isiyo ya valvu, ina kiwango cha chini inachovumilia, kimeandikwa nyuma karibu na tundu la spika, mara nyingi omu 4. Ukiishusha chini ya hapo inapata moto, inajizima, au inakufa. Juu ya hapo haina neno, ila nguvu inapungua: kichwa cha wati 500 kwenye omu 4 kitakupa kama 250 hadi 350 kwenye boksi la omu 8.

Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa pamoja yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa muuzaji wa Kampala: boksi ni omu ngapi? Likiwa 8, leo unapiga nalo moja, na Mungu akijalia unaongeza jingine kama hilo. Likiwa 4 na kichwa kinaishia 4, umefika mwisho wa njia.

Mzee_Sebene

Fundi kasema vizuri. Mimi nitajibu la wati na la inchi, maana hapo ndipo vijana wengi wanapopoteza hela.

Ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Sikio linalisikia ongezeko, lakini si kubwa. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili kwa msikilizaji unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo mtu asikuuzie amplifaya ya 800 badala ya 500 akakuambia utawafunika wote. Kinachokuongezea sauti kwa kweli ni eneo la spika. Ukiongeza boksi la pili lililo sawa na la kwanza, kwa kichwa kilekile, unaweza kukaribia desibeli 6, kwa sababu eneo limekuwa mara mbili na kichwa nacho kinatoa nguvu zaidi. Ndiyo maana nakubaliana na fundi: boksi moja la omu 8 sasa, la pili baadaye.

Inchi 15 kuwa na besi nzito kuliko 10 ni maneno ya zamani. Spika ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni boksi lenyewe: ukubwa wake ndani, tundu lake la hewa, mbao zake. Boksi zuri la mbili za inchi 10 linaweza kushuka chini kuliko boksi baya la 15.

Na uzi wako wa B. Ukiwa wazi unatetema kwenye hezi 31 hivi, yaani mara 31 kwa sekunde, E iko 41. Maboksi mengi ya besi hayatoi hezi 31 kwa nguvu yoyote ya maana, hata ya bei kali. Tunachokisikia na kukiita noti ya B ni zaidi ile sauti ya juu yake, 62 na 93. Sasa mtu asipojisikia hukimbilia kitufe cha besi na kukizungusha hadi mwisho. Hapo spika inatupwa mbele na nyuma, amplifaya inamaliza nguvu zake, na noti bado haitoki. Fanya kinyume: besi iache katikati, ongeza kidogo sauti za kati, hezi 400 mpaka 800. Lingala inaishi hapo. Sebene, ile sehemu ya kuchangamka ya magitaa, ikianza, besi inatakiwa isikike kila inapogusa na kila inapoacha. Ukiizamisha kwenye ngurumo, wachezaji wanapoteza mguu.

Dada_Besi_Mbale

Mimi napiga kwenye kanisa la mabati na kuta za saruji, naamini na lako liko hivyo. Usiweke boksi kwenye kona. Kona inakuza sauti za chini, kule nyuma wanasikia mvumo na wewe uliyesimama karibu husikii noti. Lisogeze mbali na ukuta, liinue juu ya kiti imara au kreti ili spika zikutazame kifuani badala ya miguuni. Punguza kidogo kati ya hezi 150 na 250. Hilo pekee lilibadilisha ibada kwetu, na hatukuongeza hata shilingi.

Kwanjula ni mambo mengine. Chini ya hema hakuna ukuta wa kukurudishia sauti, besi inatawanyika tu. Hapo usijaribu kuwapigia wageni wote kwa boksi lako. Hakikisha kichwa kina tundu la DI (la kupeleka sauti kwenye miksa), toa waya hapo uende kwenye miksa, spika kubwa za wenye saundi ziwafikishie wageni, na boksi lako liwe la wewe na mpiga ngoma. Ukisikia mvumo wa umeme, tafuta kiswichi cha kukata ethi (waya wa ardhi) karibu na tundu hilohilo la DI.

NyuziTano_Tororo

Asanteni sana, Mzee Sebene shikamoo. Dada, kanisa letu ni mabati kweli, na boksi tulilokuwa tukitumia zamani lilikaa kwenye kona.

Nimempigia muuzaji. Boksi ni omu 8, kichwa kinaishia omu 4, umeme 100 hadi 240. DI ipo. Anataka milioni 2 na laki 8. Rafiki yangu ana boksi la inchi 15 la omu 4, yuko tayari kuniazima kwa sherehe kubwa. Naweza kuyaunganisha yote mawili?

Fundi_Namuwongo

Hapana. 8 na 4 pamoja zinakupa omu 2.67, chini ya 4. Hata kama kichwa kingevumilia, lile la omu 4 lingekula nguvu mara mbili ya lako. La rafiki litumie peke yake, au usilitumie.

Ukienda Kampala nenda na mita. Chomoa waya, pima kwenye tundu la boksi: boksi la omu 8 litasoma kama 5.5 hadi 7, la omu 4 litasoma 3 na kitu. Likisoma namba ya juu sana au halisomi kabisa, kuna spika imekatika au imebadilishwa. Kisha toa wavu wa mbele, weka vidole vyako vinne kuzunguka katikati ya koni, sukuma taratibu ndani na uachie. Iende laini kimya. Ukisikia inakwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua, acha hata kama sauti inatoka. Angalia pia ukingo wa koni kama umepasuka au unamomonyoka ukiugusa.

Ukimaliza, piga uzi wa B kwa sauti ya juu kwa dakika kumi mfululizo, si mbili. Kichwa kinachojizima kikipata moto kitajionyesha hapo. Muuzaji akikukataza kupiga, rudi nyumbani.

Hiyo laki 2 inayobaki nunua stebilaiza ndogo. Jenereta za sherehe hupandisha na kushusha umeme hovyo kila wanapowasha taa au friji.

NyuziTano_Tororo

Sawa fundi, nakwenda wiki ijayo. La mwisho: waya kati ya kichwa na boksi, naweza kutumia huu wa gitaa? Plagi yake inaingia vizuri tu.

Fundi_Namuwongo

Inaingia, lakini usiutumie. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungushiwa kinga, haukutengenezwa kubeba wati 300. Utapata moto, na ukishotisha ndani unaua kichwa. Nunua waya wa spika wenye nyuzi mbili nene, na kama boksi lina tundu la Speakon tumia hilo, linajifunga, halichomoki mtu akijikwaa. Mita moja na nusu inakutosha.