Seli inajuaje iwe gumba au kidole cha mwisho?

mdau_baio: Wakuu, DNA si ileile kila seli? sasa mimba ikikua seli za mkono zinajuaje gumba liote wapi?

fundi_seli: DNA moja ila jeni zinazowashwa ndo tofauti mkuu. Upande wa kidole cha mwisho kuna seli zinamwaga protini, Sonic hedgehog, inasambaa huku inapungua, kila seli inawasha jeni kulingana na dozi iliyopata. Gumba halihitaji kabisa.

kukumtetea: 1968 watafiti Saunders na Gasseling walipandikiza seli hizo upande wa pili wa bawa la kifaranga ndani ya yai, vidole vikaota pande mbili kama kwenye kioo 😂

mdau_baio: Duh! na wenye gumba mbili?

fundi_seli: Baadhi yao swichi ya jeni ya Sonic hedgehog (kipande cha DNA kinachoiwasha), iko mbali nayo kama herufi milioni 1 za DNA, imebadilika herufi moja tu, protini ikatoka na upande wa gumba.